Biashara ikiyumba vibaya: maswali ninayoulizwa mara kwa mara na wafanyabiashara wa Dodoma

Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Kizota, hapa Dodoma mjini. Kati ya mwaka 2022 na 2023 nusura nikifunge. Tangu siku niliyosimulia mkasa huo kwenye kikao cha wafanyabiashara, simu yangu haipoi, na maswali ni yale yale. Nimeona niyaandike hapa mara moja. Mimi si mwanasheria wala mhasibu. Ni mtu aliyewahi kulala na daftari la madeni chini ya mto.

Kilikutokea nini hasa?

Februari 2022 vita vilianza Ukraine. Urusi na Ukraine ndizo zinazoongoza duniani kwa kuuza mafuta ya alizeti nje, kwa hiyo bei ikapaa. Aprili 28 mwaka huo Indonesia nayo ikazuia kusafirisha mafuta ya mawese, bei ikapaa zaidi. Huku kwetu alizeti huanza kuvunwa Mei. Nikaingia Kongwa, Kondoa, hadi Iramba kule Singida, nikanunua kwa bei ambayo sijawahi kuiona. Nusu ilikuwa hela yangu, nusu mkopo. Nikajaza ghala nikijiambia kwamba mafuta hayawezi kushuka.

Indonesia ilifungua milango tena Mei 23. Bei ya dunia ikaporomoka kuanzia katikati ya mwaka, na mafuta ya nje yakarudi madukani kwa wingi. Msimu wa 2023 alizeti shambani ikaanguka bei. Mwenzangu wa jirani, ambaye msimu uliopita hakuwa na hela ya kununua na mimi nikamcheka kimoyomoyo, sasa alikuwa anakamua mbegu mpya za bei poa na kuuza dumu la lita 20 kwa bei ambayo kwangu haikurudisha hata hela ya mbegu.

Kununua kwenyewe sikuhesabu kama kosa. Kila mtu alinunua. Kosa langu ni miezi minne ya kunyamaza baada ya kuona bei inashuka. Nilinyamaza kwa mume wangu, kwa wafanyakazi, kwa benki na kwa wakulima niliochukua mzigo wao kwa mali kauli, yaani chukua sasa, lipa ukishauza. Karibu kila nitakachosema hapa chini kimetokana na miezi hiyo minne.

Nitajuaje kama hili ni janga au ni msimu mbaya tu?

Sisi wa kanda ya kati tuna mvua za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kila biashara ya hapa ina kiangazi chake. Mwenye nyumba ya wageni anajua vyumba vitajaa wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na Julai vitabaki vitupu. Huo ni utaratibu wa mji. Haumnyimi mtu usingizi kama aliweka akiba.

Kipimo changu ni kimoja: je, hela niliyonayo itanifikisha kwenye msimu wangu unaofuata wa mauzo? Kama itanifikisha, nabana matumizi na kusubiri. Kama haitafika, hilo ni janga, hata kama duka limejaa bidhaa na jirani bado ananiita tajiri.

Hesabu hiyo inafanywaje?

Chukua hela iliyopo: droo, simu, benki. Ongeza madeni ya wateja ambao una hakika watalipa ndani ya wiki hii. Shemeji yako aliyeahidi tangu Pasaka usimhesabu. Mali ya ghalani usiihesabu. Kisha gawa kwa matumizi ya siku moja: mishahara, pango, umeme, marejesho ya mkopo na chakula cha nyumbani. Wengi huficha hilo la mwisho, na ndilo linalokula mtaji kimya kimya. Tuseme una milioni 5.4 na unatumia 360,000 kwa siku. Una siku 15.

Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza ilikuwa usiku, umeme umekatika, nimekaa juu ya gunia na taa ya sola mkononi. Nyuma yangu magunia yamepangwa mpaka yanagusa kenchi. Nikapata siku kumi na moja. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea sifuri. Nikapata kumi na moja tena.

Tangu usiku ule naiandika namba hiyo kila Jumamosi kwenye kona ya daftari. Siangalii faida mpaka niiandike.

Nimwambie nani kwanza?

Mwenzi wako. Acha mambo ya mahaba, hata sheria iko hivyo: nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo kama uliiweka, ridhaa yake ipo kwenye rehani hiyo. Bora alisikie kwako jikoni kuliko kwa dalali wa mnada getini. Mimi nilimwambia wangu nikiwa nimesimama, ili nisipate nafasi ya kulia. Alikaa kimya, akauliza tu, "Tangu lini?" Swali hilo liliniuma kuliko deni lenyewe.

Wafanyakazi niwaambie ukweli? Si watakimbia?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na nitalijibu kwa jinsi ilivyokuwa.

Nilikuwa na watu wanane. Asubuhi moja sikuwasha mashine, nikawaita chini ya mwarobaini ulioko uani. Fundi wa mashine ni mzee wa Mpwapwa, umri wa baba yangu. Nikamsalimia, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo mashine imelala. Tumeitwa tuambiwe kwaheri?"

Nikafungua daftari nikaliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, wote wakalisogelea. Nikawasomea: hela iliyopo, deni la benki, deni la wakulima, siku zilizobaki. Nikawaambia mshahara wa mwezi ule upo wote, wa mwezi unaofuata upo nusu, wa mwezi wa tatu sijui utatoka wapi. Nikasema atakayetaka kutafuta kazi kwingine nitamwandikia barua nzuri.

Kijana mmoja wa kubeba magunia akacheka kidogo. "Bosi, sisi tulijua. Tangu ulipoanza kupokea simu umegeukia ukuta."

Miezi minne nilijidanganya kwamba nawakinga wasiogope, kumbe kwa sababu ya kimya changu wao walishafikiria mabaya kuliko yaliyokuwepo. Mmoja alishaambiwa mtaani kwamba nimeuza kiwanda na nitatoroka na mishahara yao.

Kilichofuata sikukitegemea. Dada wa mauzo akasema mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, tunayauza kwa jumla kwa bei ya kutupa wakati Nkuhungu na Nala watu wengi wanafuga kuku na ng'ombe wa maziwa, na hawawezi kununua gunia zima. Tukaanza kuyafungasha kwa kilo kumi kumi na kuyapeleka kwa bodaboda. Hela ya mashudu ndiyo iliyolipa nusu ya mshahara iliyokosekana. Wazo hilo lilikuwa kichwani mwake muda wote, ila hakuna aliyewahi kumwuliza, mimi nikiwa wa kwanza.

Watu wawili waliondoka. Sita wakabaki. Kwa hiyo ndiyo, wengine watakimbia.

Ikibidi kupunguza watu, sheria inasemaje?

Usimwambie mtu "kesho usije". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inakutaka utoe taarifa ya nia yako mapema, uwape wahusika taarifa zote za msingi, na ushauriane nao: kwa nini unapunguza, kuna njia gani ya kuepuka, utachagua vipi wa kuondoka, lini, na watalipwa nini. Ukishauriana kwa maneno tu, andika muhtasari na watu wasaini.

Malipo: notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au hela yake, mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuchukua, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10, kwa aliyetimiza mwaka mmoja kazini. Anayeona ameonewa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Niliwahi kuona mwenye biashara aliyekwepa kiinua mgongo kidogo akaja kulipa mara nyingi zaidi. Kama mnakubaliana kupunguza siku za kazi badala ya watu, hilo nalo liwe kwa maandishi.

Na michango ya NSSF usiiguse. Najua inavutia kuiahirisha. Mfanyakazi aliyepoteza kazi anaweza kustahili fao la kukosa ajira kama amechangia vya kutosha, na ukikaa na hela yake unamnyima hilo pia.

Benki wataniuzia nyumba?

Wanaweza, lakini si kesho. Kwa nyumba iliyowekwa rehani, Sheria ya Ardhi inataka upewe notisi ya maandishi, na ipite siku 60 kabla mkopeshaji hajatumia haki yake ya kuuza. Shida ni kwamba wengi wanazitumia siku hizo 60 kuzima simu.

Nenda kabla hujakosa rejesho hata moja. Ukienda mapema wewe ni mteja anayeomba ushauri. Ukienda baada ya marejesho matatu kukosekana, wewe ni faili. Mimi nilibeba barua ya ukurasa mmoja, hesabu za miezi sita, picha za ghala, na ombi lenye namba: nilipe riba tu kwa miezi minne, kisha muda wa mkopo uongezwe mwaka mmoja. Afisa mikopo wa kwanza alinikatalia bila kusoma. Nikaomba nionane na meneja wake, nikakaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa nane, akanisikiliza kwa dakika kumi. Wiki mbili baadaye wakakubali miezi mitatu.

Kupanga upya mkopo si jambo geni kwao. Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu iliruhusu wazi mabenki na taasisi za fedha kupanga upya mikopo ya walioathirika. Ila hakuna benki itakayokupigia kukukumbusha kwamba inawezekana.

Vipi mikopo ya haraka ya kuziba pengo?

Mikopo ya kausha damu? Hapana. Jina lake linatosha. Biashara inayopoteza hela kila siku ukiipa mkopo wa riba ya wiki, unanunua siku tano kwa bei ya mwezi. Kama una VICOBA au SACCOS yenye riba ya kibinadamu na una hakika hela inaingia tarehe fulani, hilo ni jambo jingine.

Na wale niliochukua mzigo wao kwa mali kauli?

Wafuate kijijini kwao. Mali kauli haina mkataba wa maandishi wala dhamana. Kilichopo ni neno lako, na neno hilo likivunjika kwa simu isiyopokelewa, msimu ujao hakuna atakayekufungulia ghala lake kuanzia Kibaigwa mpaka Itigi. Nilipanda basi nikaenda kwa wakulima kumi na wanne, mmoja mmoja. Nilibeba kidogo kwa kila mmoja, hata kama ni kishika uchumba tu, na tarehe za kumalizia zimeandikwa. Mama mmoja wa Kondoa alipokea hela akaihesabu mbele yangu mara mbili, kisha akasema, "Mwanangu, wa kwanza kuja bila kufuatwa." Wengine walinitukana, nikanyamaza, kwa sababu walikuwa na haki.

Wadogo walipwe kwanza. Anayekudai laki mbili na ana ada ya mtoto Januari anaumia kuliko anayekudai milioni tano na ana malori.

TRA je?

Wasilisha ritani, yaani taarifa yako ya kodi, hata kama huna hela ya kulipa. Adhabu ya kutowasilisha ni tofauti na riba ya kuchelewa kulipa, na wengi wanabeba zote mbili bila sababu. Kama mauzo yameanguka, peleka makadirio mapya ya mwaka, usilipe kwa makadirio ya enzi zako nzuri. Kodi iliyokwisha kuiva unaweza kuiombea kwa barua ulipe kwa awamu. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Nipunguze bei nimalize mzigo, au nisubiri bei ipande?

Mbegu yangu ilishaniumiza siku niliyoinunua. Kuendelea kuiangalia ghalani hakukunirudishia kitu, tena alizeti ikikaa muda mrefu mafuta yake yanapoteza ubora, panya nao hawajui bei ya soko. Lakini sikuuza yote kwa mpigo. Niligawa mafungu matatu: moja nikakamua na kuuza kwa bei ya siku ile ili nipate siku za kuishi, la pili nikauza kama mbegu, bila kukamua, kwa mwenye mashine kubwa, la tatu nikalibakiza kwa wateja wangu wa rejareja ambao hawabadilishi mafuta kila wiki. Nilipata hasara kwenye yote matatu. Ila zile siku kumi na moja zikawa arobaini, na siku arobaini zinakupa nafasi ya kufikiri.

Kitu kimoja usithubutu: kuchanganya mafuta ya alizeti na mafuta rahisi ya nje ili upate bei. Wapo wanaofanya. Mpishi wa chapati anajua ndani ya siku mbili.

Wateja wangu ni ofisi za serikali na hawajalipa. Nafanyaje?

Dodoma hii, tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, wazabuni tumekuwa wengi: chakula cha vikao, vifaa vya ofisi, usafi, magari. Ukiwa na LPO, yaani hati ya ofisi ya kukuagiza bidhaa au kazi, ya milioni thelathini unajisikia una milioni thelathini. Huna. Una karatasi. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na ankara isiyoshughulikiwa kabla ya hapo inaweza kukusotesha miezi. Peleka ankara siku hiyo hiyo unayokabidhi kazi, pata saini ya mapokezi, fuatilia Mei badala ya kusubiri Juni 28 wakati foleni ya wahasibu inafika getini. Na usimruhusu mteja mmoja, hata awe wizara, abebe zaidi ya nusu ya mauzo yako.

Na janga linalowaondoa wateja wote kwa siku moja?

Machi 2020 korona ilipoingia, shule na vyuo vilifungwa ndani ya siku chache, na vyuo havikufunguliwa hadi Juni 1. Kwa waliokuwa na steshenari, saluni na migahawa ya kuwategemea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ule mji wa wanafunzi uligeuka pori. Rafiki yangu alikuwa na mashine tatu za fotokopi huko. Wiki ya kwanza alisubiri. Wiki ya pili akaenda kwa mwenye nyumba, kabla kodi haijaiva, akaomba alipe theluthi kwa miezi mitatu na kufidia baadaye. Mwenye nyumba akakubali, kwa sababu angepata wapi mpangaji mwingine mwezi ule? Mashine moja akaihamishia Majengo karibu na soko, akawa anachapa lebo za wafungashaji wa karanga na unga wa lishe. Vyuo vilipofunguliwa alikuwa na maeneo mawili ya kazi. Jirani yake aliyefunga na kurudi kwao alikuta fremu ina mtu mwingine.

Intaneti au umeme ukikatika siku nyingi?

Weka orodha ya wateja kwenye karatasi. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa, waliokuwa na oda zao zote WhatsApp hawakujua hata nani amelipia nini. Na baki na hela taslimu ya siku tatu nje ya simu.

Mtu anajiandaaje kabla?

Wazee wa Kigogo walijua kuishi na mvua inayotoroka. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizini kwake. Aliwagawa kwa marafiki wa vijiji vya mbali wamtunzie, na hao wakanywa maziwa. Ukame au ugonjwa ukipiga huku, kule kimebaki kitu, na kule pia una mtu wa kukupokea. Mimi nimeiga hivyo hivyo: mashudu, alizeti, na sasa natengeneza unga wa lishe kidogo. Wanunuzi wa kila kimoja hawafanani.

Nifunge lini?

Unapogundua kwamba kila siku unayofungua inaongeza deni, na hakuna tarehe wala mkataba unaoweza kuutaja wa kubadilisha hilo. Ujue pia umesajili nini. Jina la biashara pale BRELA, wakala wa usajili wa biashara, halitenganishi mali zako na madeni: biashara ikianguka, wanakufuata wewe. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, isipokuwa pale uliposaini dhamana binafsi, na wengi wamesaini bila kusoma. Funga rasmi, TRA na leseni, usiache TIN ikizaa madai.

Na wewe, umepona?

Nilikuwa na mashine mbili, moja niliiuza Septemba 2023 ili kumaliza wakulima. Sehemu ilipokuwa imesimama bado ina alama nne za bolti kwenye sakafu, na Mzee wa Mpwapwa huwa anaweka kiti chake hapo hapo akinywa chai. Mkopo umebaki marejesho saba. Jumamosi iliyopita niliandika kwenye kona ya daftari: siku sitini na mbili.